Mtoto wa Kidato cha Kwanza anapata F: mwongozo kamili wa kumnyanyua

Ripoti ya muhula wa kwanza hufika nyumbani mwezi wa sita. Huku kwetu Chamwino, mkoani Dodoma, inawakuta watu kwenye mavuno, na jioni moja baba anaifungua mbele ya jamaa. Hisabati 8, F. Fizikia 14, F. Kiingereza 21, F. Mtoto aliyetoka darasa la saba na sifa ya akili, aliyepigiwa vigelegele siku majina ya waliochaguliwa yalipobandikwa, leo anaitwa mvivu. Mjomba anauliza kama zile hela za sare hazikupotea bure.

Nimefundisha Hisabati shule ya kata kwa miaka mingi, na jioni nakaa barazani na watoto wa majirani. Ninalotaka kukuambia wewe mzazi, mlezi, kaka, dada au mwalimu mwenzangu ni hili: wengi wa watoto hawa hawajashindwa Fizikia wala Jiografia. Uzi umewakatikia mahali, na mara nyingi ni mahali pawili tu, yaani Kiingereza cha darasani na hesabu za darasa la tano na la sita. Ukipajua ulipokatikia, unaufunga pale pale. Usipopajua, utalipa tuisheni mwaka mzima na uzi utabaki umekatika.

Zingatia alichokumbana nacho. Miaka saba amesoma kwa Kiswahili. Januari anaingia darasani na kila kitu kimegeuka Kiingereza, isipokuwa somo la Kiswahili na, kwa walio kwenye mtaala mpya, Historia ya Tanzania na Maadili. Kwa mtoto wa Mvumi au Bahi anayeongea Kigogo nyumbani, au wa Kondoa anayeongea Kirangi, hiyo ni lugha ya tatu. Shule huanza mwaka kwa wiki kadhaa za kuwazoesha njuka, yaani wanafunzi wapya, Kiingereza, lakini Januari na Februari ndiyo palizi. Aliyebakizwa shambani akaripoti mwishoni mwa Februari hakuzikuta.

Hatua ya kwanza: fungua madaftari

Kabla ya kusema neno, mwombe akuletee madaftari yote. Kaa naye, msiharakishe. Hata kama wewe hujui Kiingereza, kuna mambo manne utayaona kwa macho.

Angalia tarehe. Zikiruka kutoka tarehe 5 hadi 23, hakuwepo, na mada iliyofundishwa siku hizo ndiyo shimo. Angalia notisi zinazokatika katikati ya sentensi: ubao ulifutwa kabla hajamaliza kunakili, maana yake anaandika herufi moja moja kama anayechora, hasomi anachoandika. Angalia neno moja lililoandikwa kwa namna tatu kwenye ukurasa mmoja. Mwisho, angalia mazoezi. Kama notisi zimejaa na mazoezi hayapo, au yapo na hayana kalamu nyekundu, mtoto anakusanya wino tu.

Andika uliyoyaona kwenye karatasi moja, somo kwa somo. Usimgombeze. Akishagombezwa kwa ajili ya madaftari, hutayaona tena.

Hatua ya pili: vipimo vitatu vya jioni moja

Kipimo cha kwanza, mpe kitabu chake cha Biolojia au Jiografia asome aya moja kwa sauti. Kila neno asilolijua akunje kidole. Vidole kumi vikiisha kabla ya aya kuisha, kitabu hicho hakimfundishi chochote akikaa nacho peke yake.

Kipimo cha pili, hesabu ishirini za shule ya msingi: 7 × 8, 144 ÷ 12, 1/2 + 1/3, 0.5 × 0.2, asilimia 15 ya 200, kutoa kwa kukopa. Usimpe za kidato. Unatafuta msingi.

Kipimo cha tatu ndicho chenye siri. Chukua swali moja, umpe kwa Kiingereza, kisha umpe lile lile kwa Kiswahili.

Binti mmoja wa jirani alikuja kwangu na ile 8 ya Hisabati. Nikamwandikia: "A farmer harvested 40 bags of maize. He sold two fifths of them. How many bags remained?" Alikaa nalo dakika kumi. Akazidisha 40 kwa 2, kisha kwa 5, akaandika 400. Nikageuza karatasi nikaandika: "Mkulima alivuna magunia 40 ya mahindi, akauza 2/5 yake. Yamebaki magunia mangapi?" Akaandika 16, akaikata, akaandika 24. Hata dakika mbili hazikufika. Nikamuuliza "remained" ni nini, akatikisa kichwa. "Harvested" je? Akatikisa. "Two fifths" alidhani ni mbili na tano. Tangu siku hiyo sikubali mtoto aitwe mzito wa hesabu kabla hajaulizwa kwa Kiswahili.

Yupo na wa aina nyingine. Anakosa kwa lugha zote mbili, 7 × 8 anahesabu kwa vidole, na 1/2 + 1/3 anaandika 2/5. Huyu shida yake ni msingi wa hesabu, na dawa yake ni tofauti. Wengine wana yote mawili. Ndiyo maana nasisitiza vipimo kabla ya dawa.

Hatua ya tatu: Kiingereza cha darasani kwanza

Hakuna muda wa kumfundisha Kiingereza chote. Mpe kile kinachomzuia kesho asubuhi.

Anza na maneno ya amri, yale yanayofungua maswali ya mitihani. Ni machache, na ukiyajua unajua swali linataka nini hata kama somo limekuponyoka. "Define" inataka maana ya neno. "State", "mention" na "list" zinataka kutaja tu, bila maelezo marefu. "Outline" ni kutaja hoja kuu kwa ufupi. "Explain" inataka hoja na sababu au mfano wake, kwa hiyo anayetaja tu anapoteza sehemu kubwa ya alama. "Differentiate" na "distinguish" zinataka pande zote mbili ziandikwe. Watoto wengi huandika upande mmoja wakaendelea mbele. "Calculate" inataka njia na jibu lenye kipimo chake, kama gramu au sentimita. "Draw" ni kuchora, "label" ni kuandika majina ya sehemu za mchoro. Yaandikwe kwenye boksi la karatasi ngumu, yatundikwe ukutani anapolala.

Kisha daftari la maneno. Dogo, la bei ndogo, lisichanganywe na kitu kingine. Kila ukurasa ugawanywe mistari mitatu ya kusimama: neno, maana kwa Kiswahili, na sentensi iliyotoka kwenye somo lenyewe. Maneno manane kwa siku, si zaidi. Ayatoe kwenye notisi za siku hiyo, asiyatoe kwenye kamusi kwa kufuata herufi. Asubuhi akiwa njiani kwenda shule, na huku kwetu njia ni ndefu, ayakariri yale manane. Jumamosi umuulize arobaini ya wiki. Aliyoyakosa yanarudi wiki ijayo.

Jambo la tatu, sentensi tatu kila jioni. Anaanza kwa "Today we learned about", ya pili anaeleza kitu hicho ni nini, ya tatu anatoa mfano. Zitakuwa na makosa. Mwache. Kosa moja tu sahihisha kila siku, lile linalojirudia zaidi. Ukimwekea wino mwekundu kila mahali, kesho ataandika sentensi moja.

Na mzazi ambaye hakuvuka darasa la nne? Wewe una kazi kubwa kuliko unavyodhani. Mama yake yule binti humuuliza kila jioni wakati anasonga ugali: "Leo mmesoma nini? Niambie kwa maneno yetu." Binti anaeleza kwa Kigogo na Kiswahili mpaka mama aelewe. Akikwama, amejua mwenyewe wapi hakuelewa. Kitu ukishakielewa kwa lugha yako, kukiandika kwa Kiingereza ni kutafuta maneno tu.

Hatua ya nne: Hisabati, kwa subira

Hisabati ndilo somo ambalo kwa miaka mingi limekuwa na ufaulu mdogo kuliko mengine katika mtihani wa Kidato cha Nne, na mizizi ya hilo iko Kidato cha Kwanza. Nitakaa hapa kidogo.

Fuata mpangilio huu, usiruke: jedwali la kuzidisha hadi 12, sehemu, namba hasi, desimali na asilimia, ndipo aljebra. Mtoto asiyejua 7 × 8 kichwani anamaliza nguvu zote kwenye kuzidisha, na akifika kwenye wazo lenyewe la swali amechoka.

Jedwali ni dakika kumi kila siku, kwa mdomo, mkiwa mnachambua mboga au mnapukuchua mahindi. Sehemu zinataka macho. Chukua ukanda wa karatasi, ukunje sehemu mbili sawasawa, kila moja ni nusu. Ukanda mwingine ulio sawa nao kunja sehemu tatu sawasawa, kila moja ni theluthi. Muulize: nusu ukiongeza theluthi unapata ngapi? Akisema 2/5, usimwambie amekosa. Muulize 2/5 na nusu ipi kubwa. Atakunja ukanda wa tatu sehemu tano, atapima, ataona 2/5 ni ndogo kuliko nusu. Sasa muulize: ulikuwa na nusu, ukaongezewa, ikawaje umebaki na pungufu ya ulichokuwa nacho? Nimeona sura za watoto zikibadilika hapo. Ndipo mkunje ukanda sehemu sita: nusu ni 3/6, theluthi ni 2/6, jumla 5/6. Atakayeona hivyo kwa mikono yake hatarudi tena kwenye 2/5.

Namba hasi zifundishe kwa deni la dukani. Unadaiwa 300, umekopa tena 500, kwa hiyo −300 − 500 = −800. Wanaoandika 200 huwa wanafuata alama bila kufikiri. Ukiwauliza habari ya deni hawakosei. Na kutoa hasi ni kufutiwa deni: mwenye duka akikufutia 200 kwenye lile 800, umebaki na −600. Andika pembeni yake −800 − (−200) = −600, aone kwamba hadithi na alama ni kitu kimoja.

Fanyeni maswali matano kwa siku, mawili ya mada ya leo darasani na matatu ya msingi. Aandike kila hatua, asiruke. Msahihishaji hutoa alama kwa njia sahihi hata jibu la mwisho likikosewa, na mtoto anayeandika jibu tupu anajinyima alama hizo. Alilokosea lirudiwe kesho na keshokutwa, kwenye karatasi safi, bila kuangalia.

Hatua ya tano: masomo mengine, kwa vitu vilivyopo nyumbani

Fizikia ya Kidato cha Kwanza ina vipimo vingi, na vipimo unaweza kuvishika. Densiti, kwa mfano. Tafuta chupa ya maziwa ya mtoto yenye alama za mililita. Weka maji hadi 100. Dumbukiza kokoto za vilima vyetu hivi, moja moja, hadi maji yafike 200. Ujazo wa kokoto ni sentimita za ujazo 100. Zikaushe, zipeleke dukani zipimwe kwenye mizani. Zikiwa gramu 260, gawanya kwa 100, densiti ni gramu 2.6 kwa sentimita ya ujazo. Mawe ya granaiti, ambayo Dodoma imejaa, huangukia karibu hapo. Fomula aliyokuwa akiikariri sasa ana mkono ndani yake.

Biolojia na Kemia ni kuchora na kutaja. Kila mchoro wa darasani auchore upya nyumbani bila kuangalia, aweke majina, ndipo alinganishe na daftari. Seli ya mmea na ya mnyama, vifaa vya maabara, alama za tahadhari. Mara tatu kwa wiki inatosha.

Jiografia na Historia zinachosha zikibaki karatasini, na mkoa huu una mifano mizuri. Notisi za vyanzo vya historia zinataja michoro ya miambani. Michoro ya Kondoa, kule Kolo, iliingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Masimulizi ya mdomo ni pamoja na yale ya bibi kuhusu njaa za zamani na uhamaji wa koo. Akiona neno msafara, mwambie Mpwapwa ilikuwa kwenye njia ya misafara ya kutoka pwani kwenda Tabora na Ujiji. Kwa Jiografia, mpe kopo aweke uani apime mvua kila asubuhi kwa rula, aandike siku na milimita. Kopo liwe na kuta zilizonyooka, mdomo na kitako sawa, la sivyo kipimo kitadanganya.

Kiswahili wengi wanakidharau kwa sababu wanakiongea. Ngeli, uambishaji na fasihi simulizi havijui kwamba wewe ni Mswahili. Lakini akikisoma kwa saa mbili kwa wiki, hapa ndipo anapopata alama nzuri ya kwanza, na mtoto aliyezoea F anaihitaji hiyo alama kuliko ushauri wowote.

Hatua ya sita: muda wake

Msifanye ratiba yenye urefu wa saa nne kila usiku. Haitadumu wiki. Saa moja na robo inatosha ikifanywa kila siku: dakika kumi jedwali, ishirini maneno na sentensi tatu, ishirini na tano Hisabati, ishirini somo moja la siku hiyo. Jumapili apumzike.

Hapa nawasihi wazazi wenzangu kuhusu mabinti. Kaka akirudi shule anakaa na kitabu. Dada anakwenda kisimani, anapika, anaosha vyombo, na akifungua daftari ni saa tatu usiku na macho yanafumba. Halafu tunasema hapendi shule. Gawa kazi, maji ateke na mvulana. Wakati wa palizi na wa kuamia ndege kwenye uwele na mtama, mtoto aende shamba Jumamosi na baada ya masomo. Siku ya shule iwe ya shule. Najua ni gharama kwa nyumba yenye mikono michache. Siku tatu za Februari zinaweza kuwa mada nzima ya namba hasi.

Taa ya sola ni bora kuliko koroboi kwa macho na kwa mfuko. Ukiwa na simu yenye intaneti, maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada bila malipo. Mjini kuna maktaba ya mkoa.

Hatua ya saba: nenda shuleni, na upime macho

Usisubiri kuitwa. Nenda siku ambayo si ya kikao, umwamkie mwalimu wa darasa, umwambie, "Mwalimu, nimekuja tusaidiane kuhusu huyu mtoto." Kisha uliza mambo matatu: anakaa wapi darasani, mahudhurio yake yakoje, na kama unaweza kuziona karatasi zake za mtihani. Ripoti inakupa namba tu. Karatasi inaonyesha alikosea kwa kutojua, kwa kutoelewa swali, au kwa kuacha wazi. Mwalimu wa taaluma naye atakuambia kama kuna vipindi vya ziada vya jioni. Walimu wa Hisabati na Fizikia ni wachache, mmoja anaweza kuwa na mikondo minne. Ukienda kwa heshima atafurahi kupata wa kumsaidia.

Akiwa anakaa nyuma na ananakili kwa jirani, mpeleke akapimwe macho. Trakoma, ugonjwa wa macho, imesumbua maeneo ya huku, Kongwa hasa, kwa miaka mingi, na mtoto asiyeona ubao hasemi, kwa sababu anadhani wote wanaona hivyo hivyo. Na chakula: aliyetembea kilomita nane bila kunywa hata uji hafundishiki saa sita mchana. Mchango wa mahindi na maharage wa shule ulipwe mapema.

Tuisheni ilipie baada ya vipimo, na umwambie mwalimu wa tuisheni umeona nini. Kundi la watoto hamsini linaloandikishwa notisi upya halimsaidii mtoto ambaye tatizo lake ni notisi. Watoto watatu wa mtaa mmoja wanaoulizana maswali chini ya mbuyu wananufaika zaidi.

Hatua ya nane: lengo la Novemba

Alama zinapangwa hivi: 0 hadi 29 ni F, 30 hadi 44 ni D, 45 hadi 64 ni C, 65 hadi 74 ni B, 75 na kuendelea ni A. Mtoto mwenye 8 usimdai A. Mdai 30. Mwenye 30 mdai 45. Chagueni masomo matatu ya kuanza nayo Julai: Kiingereza, Hisabati, na moja analolipenda. Septemba, baada ya mtihani wa katikati ya muhula, ongezeni mawili. Mwakani kuna Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili, na asiyefaulu anakariri darasa, kwa hiyo mwaka huu ndio wenye nafasi ya kutengeneza.

Kwenye chumba cha mtihani: asome karatasi yote kwanza, apige mstari chini ya kila neno la amri, aanze na analolijua, asiache swali wazi. Swali la hesabu lililomshinda, aandike angalau alichopewa na fomula.

Yule binti wa magunia alimaliza mwaka na 34 ya Hisabati. D. Kiingereza 47. Fizikia ilibaki F, 26, na tulipoiangalia karatasi tukakuta vipimo visivyoandikwa pembeni ya majibu, swali baada ya swali. Shule zilipofungwa Desemba nilimwachia wiki mbili za kulala na kucheza. Wiki ya tatu alikuja barazani na daftari jipya, tukaanza kuandika vipimo.